Pedali za Korasi za Zamani na za Kisasa: Kutafuta Hitilafu kwa Kufuata Dalili

Karibu kila pedali ya korasi inayofika mezani kwangu huja na hukumu iliyokwisha kutolewa: ya zamani imechoka, ya kisasa ni feki. Nikishaipima, mara nyingi naikuta nzima, na tatizo liko kwenye adapta, kwenye waya, au kwenye kile ambacho mwenyewe alitarajia kukisikia. Mwongozo huu umepangwa kwa dalili ambazo wapiga gitaa huzitaja tena na tena. Chini ya kila dalili nimeanza na sababu inayotokea zaidi na jaribio lisilohitaji bisibisi, ndipo nikaingia ndani ya kasha. Na pale ambapo mtu asiye fundi anapaswa kuacha, nimesema hivyo waziwazi.

Kwanza, ujue umeshika nini

Korasi hupatikana kwa kuigawa sauti ya gitaa mara mbili. Sehemu moja hupita kama ilivyo, nyingine hucheleweshwa kwa milisekunde chache, kwa kawaida kati ya 5 na 30, na muda huo wa kuchelewa hurefushwa na kufupishwa polepole na oskileta (saketi inayotoa mtikisiko wa kujirudia), kiasi kwamba nakala iliyochelewa hupanda na kushuka kidogo katika toni. Sehemu hizo mbili zikichanganywa, sikio husikia kama magitaa mawili yanayopiga wimbo mmoja bila kulingana kabisa.

Katika pedali za zamani kazi ya kuchelewesha hufanywa na chipu ya analogi ambayo msingi wake ulibuniwa mwaka 1969 na F. Sangster na K. Teer katika maabara ya Philips. Ndani yake mna safu ya kapasita ndogo sana zinazopokezana chaji, kama watu waliojipanga mstari kutoka kisimani hadi kwenye nyumba inayoungua wakipokezana ndoo za maji. Jina lake la Kiingereza limetokana na mfano huohuo, nami hapa nitaiita chipu ya ndoo. Boss CE-1 ya mwaka 1976, iliyotokana na korasi ya amplifaya ya Roland JC-120, ilitumia chipu ya MN3002 yenye hatua 512, na CE-2 iliyofuata mwaka 1979 ilitumia MN3007 yenye hatua 1,024.

Za kisasa zimegawanyika. Zipo za dijitali, ambazo hugeuza sauti kuwa namba na kuichelewesha ndani ya kichakataji. Zipo za analogi zinazotumia chipu za ndoo zilizotengenezwa upya. Na zipo zilizorudishwa sokoni makusudi kwa mtindo wa kale, kama Boss CE-2W ya mwaka 2016. Usihukumu kwa kutazama kasha. Boss CH-1, iliyotoka mwaka 1989, ilianza na chipu ya ndoo na baadaye ikageuzwa kuwa ya dijitali ndani ya umbo lilelile la buluu, kwa hiyo watu wawili wenye pedali za jina moja wanaweza kupeana ushauri usiofanya kazi kwa mmoja wao.

Tofauti hii ina uzito kwa mtafuta hitilafu. Mchemko hafifu na kupungua kwa ung'avu wa nyuzi nyembamba ni tabia ya kawaida ya chipu ya ndoo, kwa sababu saketi huiwekea vichujio mbele na nyuma ili mapigo yanayoiendesha yasisikike. Dalili hizohizo kwenye pedali ya dijitali zingenifanya nishuku kitu.

Kabla ya kuanza, tafuta betri mpya ya volti 9, nyaya mbili za gitaa unazoziamini, na multimita ya kawaida. Kisha ondoa pedali nyingine zote katikati: gitaa, pedali moja, amplifaya. Malalamiko mengi huishia hapo.

Taa haiwaki, au inawaka kwa unyonge

Kama pedali yako ina nafasi ya betri, anza nayo. Weka betri mpya, chomeka waya wa gitaa kwenye tundu la kuingilia (pedali nyingi haziungi betri mpaka plagi iwe imechomekwa hapo, na ndiyo maana betri huisha ukiacha waya usiku kucha), kisha kanyaga swichi. Ikiwaka vizuri kwa betri na kwa adapta ikakataa au ikafifia, pedali ni nzima na mshtakiwa ni adapta.

Kwa pedali za Boss za miaka ya 1970 na 1980, sababu inayoongoza ni kutopatana kwa adapta na pedali. Zile zilizoandikwa ACA kwenye kibandiko zilitengenezewa adapta ya volti 12 ya aina ya kale, isiyodhibitiwa, na ndani ya pedali mkawekwa rezista na diodi vya kuushusha umeme huo hadi ukaribie volti 9. Ukichomeka adapta ya kisasa ya aina ya PSA, inayotoa volti 9 zilizodhibitiwa, rezista na diodi hizo hazijui kwamba mambo yamebadilika, zinaendelea kushusha. Taa inafifia, korasi inakosa nguvu, na noti inayopigwa kwa nguvu inakwaruza.

Kijana mmoja mpiga rithimu aliniletea pedali ya Kijapani ya miaka ya themanini akiwa ameshaambiwa kwamba chipu imekufa. Alishangazwa na jambo moja: nyumbani ilikuwa dhaifu, lakini kwenye mazoezi ya bendi ilifanya kazi vizuri kabisa. Nilimuuliza kama kwenye mazoezi waliunganisha pedali kadhaa kwa adapta moja. Ndivyo ilivyokuwa, na jibu lilikuwa hapo. Pedali ya ACA inapogawana adapta na pedali nyingine ya kawaida, ardhi za pedali hizo mbili, yaani upande wa umeme unaohesabiwa kuwa sifuri, huunganishwa kupitia waya wa sauti, umeme unapata njia ya kuizunguka ile rezista ya kushushia, na pedali inapokea volti 9 zote. Hakukuwa na chipu iliyokufa.

Kutokana na maelezo hayo kuna onyo. Ukiamua kutumia adapta ya volti 12 kwa pedali ya ACA, iwe ya pedali hiyo peke yake. Ukiigawanya kwa pedali nyingine, ushushaji unazungukwa kama nilivyoeleza na kila kilichopo kwenye msururu kinapokea volti 12, zikiwemo pedali zisizozistahimili. Fundi anaweza kuibadilisha pedali ya ACA ipokee volti 9 kwa kuiondoa kazini sehemu ya kushushia. Ni kazi ndogo, ila ikishafanyika, kibandiko cha ACA kinakuwa cha uongo, basi andika mabadiliko hayo ndani ya kifuniko cha chini ili atakayeinunua baada yako asije akaichomeka volti 12.

Sababu ya pili ni ncha zilizogeuzwa. Pedali nyingi hutaka hasi katikati ya plagi, lakini adapta nyingi za redio na ruta zina chanya katikati. Pedali yenye diodi ya kinga itakaa kimya tu. Isiyo nayo inaweza kuungua mara moja. Baadhi ya pedali za zamani za Electro-Harmonix zina tundu jembamba la plagi ya milimita 3.5, na watu hutengeneza viunganishi vya kubahatisha ili kuzitumia na adapta za leo. Usichomeke kiunganishi cha namna hiyo kabla hujapima kwa multimita ncha ipi ni chanya, na pedali yenyewe inataka nini.

Sababu ya tatu huzipata zaidi pedali za dijitali: adapta inatoa volti sahihi lakini haina miliampea za kutosha. Pedali ya zamani kama CE-2 hula chini ya miliampea 20, ilhali pedali ya dijitali inaweza kuhitaji 100, 200 au zaidi. Ikipungukiwa, taa yake huwaka, ikazima, ikawaka tena, au huwaka na sauti isitoke. Soma namba iliyoandikwa chini ya pedali na uilinganishe na ya adapta. Adapta yenye miliampea nyingi kuliko zinazohitajika haina madhara. Yenye volti nyingi inayo.

Ikiwa hata kwa betri hakuna dalili ya uhai, fungua kifuniko na utazame waya wa klipu ya betri, ambao hukatika pale unapoingia kwenye klipu, na kutu ya kijani kwenye vigusio, ambayo kwa sisi tunaoishi karibu na bahari haihitaji miaka mingi kujijenga.

*Simama hapa ikiwa pedali yako huchomekwa moja kwa moja kwenye umeme wa ukutani.* CE-1 ni mojawapo: ina transfoma ndani na waya mkubwa nyuma. Iliyotengenezwa kwa soko la Japani hutaka volti 100, ya Marekani takriban 117, nasi Tanzania na Kenya tuna 230 hadi 240. Ukiichomeka hivihivi, transfoma itaungua, na huenda isiungue peke yake. Soma kibandiko cha nyuma kabla ya jambo lolote, tumia transfoma ya kupunguza umeme yenye uwezo wa kutosha, na kama waya wake umepasuka au kasha linakutekenya ukiligusa, mpelekee fundi wa umeme. Usiifungue mwenyewe ikiwa imechomekwa, hata kwa sekunde moja ya kuchungulia.

Taa inawaka, gitaa linasikika, lakini korasi haipo

Zungusha kidhibiti cha kina hadi mwisho na cha kasi katikati. Jambo hili linaonekana la kitoto, lakini vidhibiti huzungushwa na mfuko wa pedali njiani. Kwenye Small Clone ya Electro-Harmonix kina hakizungushwi, hubadilishwa kwa swichi ndogo ya nafasi mbili, na katika nafasi ya chini athari yake ni ya upole kiasi kwamba kwenye jukwaa lenye ngoma haisikiki.

Kinachofuata kwa wingi ni stirio isiyoeleweka. CE-1 ikiunganishwa kwa matundu yote mawili ya kutokea, upande mmoja hutoa sauti kavu na upande wa pili hutoa ile inayotikiswa, na korasi yenyewe huundwa hewani kati ya spika mbili. JC-120 hufanya vivyo hivyo kwa spika zake. Pedali nyingi za baadaye huchanganya tofauti. Sasa fikiria nyaya mbili zimeingia kwenye mixa, na mtu wa mitambo, kwa nia njema ya kuokoa nafasi, anazima chaneli moja. Ukibakiwa na upande mkavu, utaapa kwamba pedali imekufa. Ukibakiwa na ule mwingine, utasikia gitaa linayumba kitoni kama kanda iliyolegea, bila unene wa korasi. Chomoa waya mmoja, tumia tundu la mono pekee, na usikilize tena kabla ya kumlaumu yeyote.

Kama pedali ni ya analogi na bado haitikisiki, kuna sehemu tatu za kuchunguza ndani, kwa mpangilio huu: oskileta ya polepole, saketi ya mapigo inayoendesha chipu ya ndoo, na chipu yenyewe.

Oskileta hupimwa kwa multimita. Iweke kwenye volti za DC, punguza kasi ya pedali hadi mwisho, gusa ardhi kwa ncha nyeusi na tokeo la opampu (chipu ndogo ya kukuza ishara) ya oskileta kwa ncha nyekundu. Namba inapaswa kupanda na kushuka polepole, kama kifua cha mtu aliyelala. Ikiwa imetulia tuli, tafuta kapasita iliyozeeka katika sehemu hiyo, kisha opampu yenyewe. Pedali za zamani zenye kapasita za elektroliti zenye umri wa miaka 40 hupatwa na hili mara kwa mara, na kubadilisha kapasita moja ya bei ndogo hurudisha kila kitu.

Oskileta ikiwa hai, hamia kwenye chipu. Chukua waya wa gitaa wa zamani, kata ncha moja, unganisha kapasita ya mikrofaradi 0.1 kwenye waya wa katikati na klipu ya mamba kwenye ile nyuzi ya kuzunguka, kisha chomeka ncha nzima kwenye amplifaya iliyopunguzwa sauti. Klipu inashika ardhi ya pedali, na mguu wa kapasita unakuwa sikio lako. Mtu mwingine apige gitaa taratibu. Kwenye MN3007 sauti huingia kwa mguu wa 3 na kutoka kwa miguu ya 7 na 8. Ikisikika kwenye 3 na isitoke, pima miguu ya 2 na 6, inakoingia mapigo: multimita haiwezi kuyafuata kwa kasi yake, kwa hiyo itaonyesha wastani, takriban nusu ya umeme wa saketi. Mguu mmoja ukionyesha sifuri na mwingine umeme kamili, mapigo yamesimama, na chipu ndogo ya jirani, MN3101, ndiyo ya kushukiwa kwanza.

Mapigo yakiwepo, usiing'oe chipu ya ndoo bado. Huhitaji volti maalumu kwenye mguu wake wa kuingilia, nazo hurekebishwa kwa kidhibiti kidogo cha bisibisi kilicho kwenye bodi, ambacho kwa miaka huweza kusogea au kuchakaa. Weka alama ya kalamu mahali kilipo, kisha kisogeze kidogo sana huku unasikiliza. Mara nyingi sauti iliyochelewa hurudi ghafla, kwanza ikiwa imekwaruza, kisha safi.

Ukilazimika kubadilisha chipu, zingatia jambo ambalo limeua pedali nyingi. MN3007 na MN3207 zinafanana umbo na mpangilio wa miguu, na zote zina hatua 1,024, lakini umeme wao umegeuzana: ya kwanza hufanya kazi kwa volti hasi kulinganisha na ardhi yake, ya pili kwa volti chanya, na ya pili hukusudiwa umeme mdogo, takriban volti 5. Haziwezi kubadilishana. Kila moja ina chipu yake ya mapigo, MN3101 kwa ya kwanza na MN3102 kwa ya pili. Chipu hizi za MN, zilizotengenezwa na kampuni ya Matsushita ya Japani, ziliacha kutengenezwa zamani, na zinazouzwa kwa bei rahisi zikiwa zimeandikwa majina hayo huwa zimesuguliwa na kuchapwa upya. Niliwahi kununua tano, na kati ya hizo tatu hazikuwa chipu za ndoo kabisa. Matoleo mapya yanayosema wazi kwamba ni mapya, kama V3207 ya Coolaudio badala ya MN3207, ni afadhali mara kumi.

*Simama hapa* kama hujawahi kung'oa chipu yenye miguu minane kwenye bodi ya zamani. Njia za shaba za bodi hizo zilishikiliwa na gundi dhaifu na huinuka kwa joto la sekunde chache. Chipu ya akiba inapatikana. Bodi ya mwaka 1980 haipatikani.

Kelele

Neno kelele halinisaidii, hivyo huwa namwomba mtu aniigize kwa mdomo. Zipo tatu, na kila moja ina kwao.

Mvumo mzito, kama wa friji, hutoka kwenye umeme. Jaribu betri. Ukiisha, adapta haichuji vizuri au kuna mzunguko wa ardhi kati ya amplifaya mbili zilizounganishwa kwa stirio, jambo la kawaida kabisa pale amplifaya hizo zinapochomekwa kwenye soketi mbili za mbali. Zichomeke kwenye soketi moja. Usikate mguu wa ardhi wa plagi ya amplifaya ili kunyamazisha mvumo, hata ukimwona mkongwe wa jukwaa akifanya hivyo. Mguu huo ndio unaokukinga wewe uliyeshika nyuzi za chuma.

Mchemko, kama mvua ya mbali kwenye bati, ni sehemu ya maisha ya chipu ya ndoo. Mpiga gitaa wa roki anayetumia mkwaruzo hataulalamikia sana, kwa kuwa unafunikwa. Mpiga solo wa sebene mwenye gitaa safi na ung'avu uliofunguliwa wote atausikia kila anaponyamaza. Hapo pedali ya kisasa ya dijitali ina ubora wa wazi, nami sioni aibu kusema hivyo. Kwa ya zamani, ongeza sauti inayoingia kwenye pedali kidogo na kupunguza kwenye amplifaya, na uiweke mwishoni mwa msururu, baada ya pedali za mkwaruzo, ili mchemko wake usikuzwe. Mchemko ulioongezeka ghafla ndio wa kuchunguzwa. Huko huwa na transista au opampu inayokaribia kufa, au kapasita ya kichujio iliyofunguka.

Mlio mwembamba, kama wa mbu anayezunguka sikio, hasa ukiwa unapanda na kushuka pamoja na kasi ya korasi, ni mapigo yanayovuja. Chunguza kwanza kama pedali inagawana adapta na nyingine. Pedali mbili za chipu za ndoo kwenye umeme mmoja, kwa mfano korasi na eko ya analogi, hugombana kwa namna ya ajabu: moja ikipiga mapigo 50,000 kwa sekunde na nyingine 47,000, hakuna sikio linalosikia hata moja, lakini tofauti yao, 3,000, husikika vizuri mno, na kwa kuwa oskileta inaisogeza moja wapo, mlio unapanda na kushuka kama king'ora cha mbali. Pedali ya dijitali kwenye msururu huohuo huongeza mlio wake. Dawa ni adapta yenye matokeo yaliyotenganishwa kabisa, au kumpa mmoja wa wagomvi betri yake. Mlio ukibaki hata kwa betri peke yake, ndipo tunazungumza juu ya kapasita za kichujio za baada ya chipu, ambazo fundi atazibadilisha kwa muda mfupi.

Sauti inakwaruza ambapo haipaswi

Betri iliyoshuka hadi volti 7 inatosha kuleta hili, na ndiyo sababu ya kwanza. Ya pili ni sauti kubwa mno inayoingia: chipu ya ndoo haina nafasi kubwa ya juu, na zile za volti 5 zina nafasi ndogo zaidi. Gitaa lenye pikapu (kinasa mtikisiko wa nyuzi) kali, au pedali ya kuongeza nguvu iliyowekwa mbele, huigongesha dari. CE-1 ina swichi ya kuchagua kiwango cha kuingilia, kidhibiti cha kiwango, na taa ya kuonya sauti inapozidi; wengine huipenda kwa sababu hiyohiyo ya kukwaruza kidogo, basi amua kwanza kama unatafuta kuponya au unatafuta kuharibu tamu iliyokuwepo.

Kama mkwaruzo upo hata kwa kupiga kwa upole, na upo tu kwenye sauti iliyochelewa, rudi kwenye kile kidhibiti kidogo cha bisibisi nilichokieleza. Kwenye pedali ya dijitali hakuna cha kurekebisha kwa namna hiyo. Punguza kinachoingia, na usipopona, ni kazi ya karakana.

Sauti inapungua au inazama pedali ikikanyagwa

Sehemu ya kuzama huku ni ya asili, kwa sababu sauti mbili zinazokaribiana hukatana katika baadhi ya masafa. Ikiwa stirio imerudishwa kuwa mono kwenye mixa, kukatana huzidi. Tumia tokeo moja. Kupungua kwa ung'avu hata pedali ikiwa imezimwa ni jambo jingine: pedali kongwe kama CE-1 haikuundwa kwa mzigo mwepesi ambao gitaa la leo linautarajia, na kuweka pedali yenye bafa (saketi inayoipa nguvu ishara ya gitaa) mbele yake hurudisha ung'avu papo hapo.

Vidhibiti vinakwaruza, sauti inakatikakatika

Vumbi, jasho na chumvi ya hewa. Zungusha kila kidhibiti mara 20 kutoka mwanzo hadi mwisho, chomeka na kuchomoa plagi mara kadhaa, na kama haitoshi pulizia dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme, kidogo, kupitia upenyo wa kidhibiti. Mafuta ya kulegeza nati zenye kutu si dawa hiyo; huacha utando unaokusanya vumbi na baada ya miezi utarudi ulipokuwa. Sauti ikikatika ukitikisa plagi, kiungo cha risasi cha tundu kimepasuka, na kukiyeyusha upya ni kazi ya dakika tano kwa mwenye pasi ya kulehemu.

Swichi ya mguu haitii

Kwenye Boss na pedali zinazofanana nayo, kitufe cha mguu hutuma tu ishara, na transista ndizo zinazogeuza sauti. Kitufe kikikataa, kibadilishe, ni cha bei ndogo. Pedali nyingi za kisasa zenye upitishaji wa moja kwa moja hutumia swichi ya chuma yenye miguu tisa, na hiyo huchakaa kimwili: taa inageuka ila sauti haigeuki, au kinyume chake. Ukiibadilisha, piga picha ya nyaya kabla ya kung'oa hata mmoja.

Pedali ya dijitali imeganda

Chomoa umeme, subiri nusu dakika, chomeka. Ikiganda tena, pima miliampea kama nilivyoeleza, kisha tazama kama mtengenezaji ametoa programu mpya ya ndani ya kupakiwa kwa USB. Usianze kuipakia siku ambayo umeme unakatika na kurudi. Ukikatika katikati, baadhi ya pedali haziamki tena bila kurudishwa kwa mtengenezaji. Bodi zake zina vipande vidogo kuliko punje ya mchele, na pasi ya kawaida itaviharibu. Huku ndani hapana kazi ya mikono ya nyumbani.

"Haisikiki kama ile ya zamani"

Hili ndilo lalamiko gumu kuliko yote, kwa sababu kila kipimo huonyesha pedali nzima. CE-2W ina hali ya CE-2 na ya CE-1, na mtu huweza kuitumia mwezi mzima katika hali asiyoikusudia, tazama swichi. Pedali ya zamani nayo inaweza kuwa imebadilika: kapasita zimezeeka na kile kidhibiti cha bisibisi kimeguswa na watu watatu tofauti, kwa hiyo CE-2 mbili za mwaka mmoja zinaweza zisifanane.

Ukitaka kujua kwa hakika, zilinganishe kwa sauti iliyosawazishwa. Ile yenye sauti kubwa zaidi kidogo huonekana tamu zaidi, daima. Weka pedali zote mbili kwa betri mpya, zungusha sauti hadi zilingane zikiwa zimewashwa, linganisha kasi ya mtikisiko kwa kuhesabu mizunguko katika sekunde 10 badala ya kuangalia mahali mshale wa kidhibiti ulipo, kisha mwombe mwenzako akanyage bila kukuambia ipi ni ipi. Upige kifungu kilekile, polepole, chenye noti ndefu, kwa sababu korasi husikika kwenye mkia wa noti. Ukikosea mara nne kati ya nane, acha vidhibiti vilivyo na urudishe skrubu za kifuniko.